Jina la Dawa ya Bluberi

Ibaba, Ileje
14 Julai 2024

Mwanangu Jenista,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mimi nipo. Baridi ya mwezi huu imenibana magoti, lakini bustanini nafika na kanisani nafika. Baba yako alinitumia salamu kutoka Nanyala, anasema mguu umepungua kuvimba na kahawa wameanza kuchuma. Mdogo wako Ipyana bado hajasema lini atamleta yule mchumba tumwone. Mwambie uzee wa shangazi yake haumsubiri yeye.

Najua utauliza kwa nini sitafuti simu nyingine. Huku bondeni mtandao haushiki mpaka upande hadi shuleni, na tangu masikio yangu yazibe simu ya kuongea inanifaa nini? Nikimwomba mtu anisomee ujumbe kwenye simu yake nimempa mambo yangu yote. Ambwene wa gari la abiria anashuka na Noah yake Tunduma kila Jumatatu na Jumatano na duka lenu pale Mpemba analijua. Barua zinanitosha. Miaka thelathini na moja nimefundisha watoto kuandika barua, acha na mimi niandike.

Sasa bluberi. Ile miche sita uliyoniletea mwaka juzi imetoa maua, Jenista! Mwaka jana niliyakata yote kama ulivyoniagiza, ili mizizi ipate nguvu, nikaona uchungu kweli. Mwaka huu nimeyaacha. Ni meupe, yanainamisha midomo chini kama vikengele. Udongo nimeendelea kuuchukua kule chini ya mipaina, na majani makavu ya mipaina nimetandaza shinani unene wa kiganja. Jembe silisogezi, magugu nang'oa kwa vidole kwa kuwa mizizi iko juu juu. Majivu hayakanyagi pale. Majirani wananishangaa. Kila kitu wao wanatia majivu, mimi nafukuza majivu.

Mwenzangu ni Marita, mjukuu wa mzee Yonathani wa nyumba ya jirani, yule mzee wa kanisa, binti wa Recho. Ana miaka sita. Akitoka shule anapita kwangu. Kwa vile sisikii, anachukua kijiti ananiandikia chini anachotaka kusema. Jana aliandika YATAIVA LINI. Darasa zima lao hakuna anayeandika hivyo.

Tatizo ni wadudu. Vidukari wamejaa kwenye machipukizi, na kuna kiwavi mdogo wa kijani anatoboa vitunda vikiwa bado vichanga. Nimenyunyiza maji ya sabuni, nimesugua kwa mkono, wanarudi. Wewe uko duka la pembejeo, nitafutie kitu.

Shangazi yako,
Atuganile


Mpemba, Tunduma
2 Agosti 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika na nikaisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti maana nilitaka kukusikia. Mimi mzima. Huku vumbi na malori, foleni ya mpakani juzi ilifika mpaka mbele ya duka letu, madereva wanapikia chini ya matela. Wateja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ni wengi, siku nzima salamu ni mulishani, mulishani, mpaka naota kwa Kibemba. Ipyana anasema mwezi wa kumi na mbili. Mimi simwamini.

Nimefurahi kuhusu maua. Endelea na maji ya mvua uliyokinga, ya bomba yanaharibu ule uchachu wa udongo. Matunda yakianza kubadilika rangi funika miti kwa neti ya mbu kuukuu, bila hivyo ndege watakula kabla yako. Na usichume kwa kuona bluu tu. Likigusika na kudondoka lenyewe kiganjani ndiyo limeiva.

Dawa nimempa Ambwene. Iko kwenye chupa ya soda, nimeifunga vizuri na mfuko. Kifuniko kimoja cha hiyo chupa kwa bomba la kupulizia la lita kumi na tano. Puliza jioni, upepo ukiwa nyuma yako, mara moja kwa wiki. Ni kali, wataisha.

Ila, Shangazi, usimwambie mtu umeitoa wapi. Wataanza kunisumbua kila mmoja anataka chupa yake.

Mwanao,
Jenista


Ibaba, Ileje
8 Septemba 2024

Mwanangu Jenista,

Amani iwe kwako. Huku tumezika wiki iliyopita, bibi mmoja wa kule juu, alikuwa mzee wa siku zake. Mimi naendelea, ingawa macho yamekuwa na ukungu siku nikipuliza dawa, na jasho linanitoka kama nimebeba kuni. Uzee.

Wadudu wamekufa! Na matunda, Jenista, njoo uone. Vishada vimejaa mpaka matawi yanainama. Nimetundika neti mbili. Mimi mwenyewe siyali sana, jino langu la nyuma halitaki kitu chenye uchachu, lakini Marita anayapenda kuliko sukari. Anaingia chini ya neti kama panya, anatoka midomo ya zambarau. Anayaita zabibu za Mwalimu. Nilimpelekea mama yake bakuli, Recho akacheka akasema kwa midomo yake taratibu ili nimwelewe, "Mwalimu, utamharibu huyu, hali ugali tena."

Juzi tumbo lilimkamata, akatapika. Recho alimpeleka zahanati wakampa dawa ya minyoo.

Nataka kukuuliza jambo dogo. Ile chupa haina maandishi. Nikishapuliza, nasubiri siku ngapi kabla ya kuchuma? Dawa za nyanya zamani tulikuwa tunaambiwa. Hii hukuniambia.

Shangazi yako,
Atuganile


Mpemba, Tunduma
22 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo, na pole na msiba. Samahani nimechelewa, tulikuwa tunahesabu mzigo wa msimu, mahindi yanakaribia kupandwa na kila mtu anataka mbegu. Baba nilimpigia, mguu sasa anakanyagia. Anasema mwaka huu kahawa si mbaya. Ipyana sasa anasema Pasaka.

Nimefurahi sana kuhusu matunda. Baada ya mavuno usisahau kukata matawi ya zamani, yale yenye gome la kijivu, uache mekundu machanga. Mti ukijaa mno katikati hauzai vizuri mwakani. Ongeza na majani ya mipaina kabla ya mvua.

Matunda yaoshwe vizuri. Na dawa nadhani sasa usipulize tena, wadudu si wameisha? Weka hiyo chupa juu, mbali.

Mtoto anaendeleaje? Watoto wadogo minyoo ni kawaida.

Jenista


Ibaba, Ileje
6 Oktoba 2024

Jenista,

Siku zote watu huandika kwamba wao ni wazima, hofu yao ni kwa aliye mbali. Leo nakuandikia hofu ikiwa hapa hapa, mezani kwangu.

Marita ameumwa tena, mara mbili. Mara ya kwanza siku tatu baada ya barua yako kufika. Ya pili Jumanne, na hiyo nimeiona mwenyewe. Alikuwa amekaa kizingitini kwangu, nikaona mate yanamtoka mengi mpaka kifua kimelowa. Jasho. Mikono inacheza. Nilimshika uso nikatazama macho yake, vile viini vyeusi vimekuwa vidogo kama ncha ya sindano. Nikambeba mbio kwa Recho. Nilikuwa napiga kelele na sijui nilikuwa nasema nini.

Zahanati wamepima malaria hakuna. Amepata nafuu kidogo kisha amelegea. Anashinda amelala.

Toka hapo hakuna aliyenitembelea. Leo kanisani nilikaa peke yangu, waliokuwa karibu walisogea mbele. Mzee Yonathani alinisimamisha mlangoni, wazee wengine watatu nyuma yake. Aliongea taratibu, midomo yake nikaisoma yote.

"Mwalimu, ule mti ni wa nini?"

"Ni wa matunda, mzee. Umeyala mwenyewe."

"Mti gani unakataa majivu? Mti gani unafunikwa neti kama maiti? Mtoto hakuwa na ugonjwa kabla hujaupanda."

Nilijibu nilivyoweza. Sikutaja chupa. Uliniomba nisitaje, na mimi nilitaka kwanza nijue kutoka kwako.

Umenijibu kuhusu matawi ya kijivu na mekundu. Hukunijibu siku ngapi. Hukunijibu jina. Unanifahamu, Jenista, nimesahihisha madaftari maisha yangu yote, nalijua swali lililorukwa.

Dawa hii inaitwaje?

Atuganile


Ibaba, Ileje
19 Oktoba 2024

Jenista,

Ambwene ananiapia kwamba barua alikupa mkononi tarehe tisa. Amerudi mikono mitupu mara tatu.

Marita alizidiwa tena jana. Hakuwa amekula chochote kwangu, mimi nilifunga neti kwa kamba na Recho hamruhusu kupita, lakini wamekuta matunda chini ya mto wake, yamekauka kwenye kitambaa. Alikuwa ameyaficha. Wamempeleka hospitali ya wilaya kwenye pikipiki, mama akiwa amemfunga kifuani kwa kanga. Alipita hapa mbele. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinaning'inia.

Nilimkimbilia mtoto wa kaka yake Yonathani aliyekuwa na pikipiki ya pili, nikamwambia waambie madaktari kuna dawa ya wadudu. Alinitazama akatema mate chini akaondoka. Sijui kama amesema. Na angesema dawa gani? Sina jina.

Bustanini kuna nyayo za viatu vikubwa. Zinazunguka nyumba, zinasimama dirishani kwangu, zinaendelea. Sikusikia mtu. Sasa nikifanya kazi nakaa uso ukiwa njiani na natazama kuku. Wakiinua vichwa na mimi nainua. Asubuhi ya leo waliinua vichwa wote kwa pamoja na nilipogeuka wanaume wawili walikuwa wamesimama kwenye ua wangu, wananitazama. Hawakunisalimia. Mmoja nilimfundisha darasa la pili.

Sikuulizi kwa nini ulikaa kimya. Neno moja tu, mwanangu. Andika jina la dawa, mpe Ambwene.

Shangazi yako


Hospitalini, Ileje
23 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Naandika nikiwa kwenye ngazi za wodi ya watoto. Nitaanza na la kwanza kwa sababu ndilo unalolitafuta. Marita yuko hai. Jana jioni alifumbua macho akaomba uji.

Sasa mengine.

Barua yako ya tarehe sita niliisoma stoo, nikaikunja, nikaitia kwenye kiatu nyumbani ili isionekane. Niliandika majibu matatu nikayachana. Naomba usome sababu yangu hata kama haitoshi. Jina la dawa nimelinakili nyuma ya karatasi hii. Ile dawa haikuwa ya kuuzwa. Ilikuwa debe lililopita muda, dawa ya tumbaku, ina ukanda mwekundu na picha ya fuvu. Mzee Hezron, bosi wangu, aliagiza debe lote litengwe lirudishwe. Mimi nilikumiminia chupa moja kabla halijafungwa. Kwenye lebo imeandikwa isitumike kwenye matunda. Nilisoma, Shangazi. Nilisoma nikasema shangazi yangu ana miti sita tu, itamdhuru nani? Uliponiuliza siku ngapi, nilielewa pale pale. Nikajiambia ni minyoo. Nilikuwa naogopa kufukuzwa, naogopa polisi, na kila siku iliyopita bila kujibu ilifanya ya kesho iwe ngumu zaidi.

Jumatatu asubuhi Ambwene aliingia dukani hakutoa barua. Aliishika juu.

"Dada, yule mama alilia mbele yangu. Soma hapa hapa, siondoki."

Nikasoma nimesimama. Akaniuliza, "Jibu liko wapi?"

"Nalipeleka mwenyewe," nikamwambia. "Nisubiri."

Nilikwenda stoo nikalichukua lile debe, nikalifunga kwa kanga, nikapanda mbele. Mzee Hezron aliniita tukiwa tunaondoka. Sikugeuka.

Njia nzima nilikuwa nahesabu siku tangu tarehe tisa. Ambwene alishusha abiria watatu tu akakataa kupakia wengine.

Tulifika saa nane mchana. Daktari ni dada mdogo kuliko mimi. Niliweka debe mezani kwake nikamwambia, "Mtoto wa Ibaba anayetokwa mate, amekula hii." Alisoma lebo, akaandika, akaita muuguzi kwa sauti, wote wakakimbia. Aliporudi kunihoji alikuwa na hasira.

"Tulimtibu kwa kubahatisha siku tatu. Tulikuwa tunaogopa kumzidishia dawa bila kujua ni sumu gani. Ulijua lini?"

"Tangu barua ya shangazi ya tarehe nane Septemba," nikasema.

Akaiandika tarehe hiyo, akarudi wodini.

Recho alikuwa kitandani pamoja na mtoto. Aliniuliza mimi ni nani.

"Ni mtoto wa kaka yake Mwalimu. Dawa iliyomfanya hivi niliituma mimi. Mwalimu hakujua ni nini."

Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige. Alichukua mkono wangu akauweka juu ya kifua cha Marita, akaubana hapo.

"Shika," akasema. "Usiutoe. Shika mpaka nikwambie."

Nilishika, Shangazi. Kifua kilikuwa kinapanda, kinakaa, kinasahau kushuka, kisha kinashuka. Kila kilipokaa na mimi niliacha kuhema. Sijui ilikuwa saa moja au mbili. Recho hakuniambia nitoe, alisinzia mkono wake ukiwa juu ya wangu.

Nimekaa hapa siku mbili. Kesho narudi Tunduma. Mzee Hezron ametuma ujumbe kwamba nisirudi kazini bali niende kwake na mtu wa kunidhamini. Sijui itakuwaje. Chupa iliyobaki usiimwage, mpe bwana shamba wa kata, mwambie nilivyokuandikia.

Yule kijana wa Yonathani mwenye pikipiki ya pili hakuwaambia madaktari chochote. Niliuliza.

Naogopa kuandika nisamehe.

Jenista


Ibaba, Ileje
10 Novemba 2024

Mwanangu Jenista,

Nakusalimu. Mvua ya kwanza imenyesha Jumatano. Baba yako amenitumia neno kwamba uko kwake Nanyala na kwamba kazi imekwisha. Amesema pia polisi walikuhoji siku moja wakakuachia, na kwamba utaitwa tena. Kula. Anasema huli.

Marita amerudi Alhamisi. Anatembea, akifika nusu ya njia anakaa chini. Daktari amesema nguvu zitarudi, zitachukua muda. Usiku anaota na kulia, hivyo ndivyo mama yake anavyosema.

Barua yako ililetwa na Ambwene tarehe ishirini na nne. Jumapili iliyofuata nilimwomba mzee Yonathani anipe nafasi baada ya matangazo. Alikataa. Nikasimama hivyo hivyo. Niliisoma barua yako yote, mbele ya watu wote, tangu shikamoo mpaka mwisho. Sauti yangu siisikii, lakini waliokaa mbele waliegemea nyuma, kwa hiyo najua nilikuwa napiga kelele. Sikuruka kitu. Sikuruka jina lako. Nilifika pale mkono wako ulipokuwa juu ya kifua cha mtoto nikashindwa, nikasubiri, nikaendelea.

Halafu niliongeza ambalo wewe hulijui. Uliniandikia kifuniko kimoja. Wiki ya tatu wadudu walionekana tena, nikatia viwili. Wiki iliyofuata vitatu. Barua yako ya kusema niache ilipofika, nilipuliza mara moja zaidi, kwa sababu matunda yalikuwa mazuri na sikutaka kuyapoteza. Nilikuuliza maswali kama mwalimu huku na mimi nikiwa nimeficha daftari langu. Nimewaambia hilo. Nakuambia na wewe.

Waumini walinyanyuka. Walitoka nje mmoja mmoja.

Mzee Yonathani alikuja siku ya pili na panga. Nilikuwa bustanini, kuku wakaniambia. Nilisimama pembeni. Aling'oa miti miwili kwa mikono yake, mizizi ikatoka na udongo wote, kisha pumzi zikamwishia akakaa chini kwenye majani ya mipaina, akaficha uso. Sikumzuia na sikumshika. Miti minne imebaki. Matunda yote niliyachuma nikayafukia shimo refu, na bwana shamba alichukua chupa. Amesema mwaka huu na mwakani kisiliwe kitu pale.

Recho alikuja jana. Alikaa mbele yangu, akanishika kidevu ili nimtazame mdomo, akasema neno kwa neno.

"Mwalimu, walikuwa wamepanga kukuvamia Jumatano ile. Walikuwa tisa. Mimi mwenyewe niliwaambia waje."

Nikamuuliza, "Jumatano tarehe ishirini na tatu?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Jumanne nilimpigia kaka yangu kutoka hospitalini," akasema. "Nikamwambia sumu imejulikana, ni dawa ya wadudu ya dukani. Wengine hawakuamini. Watatu walikuja hata hivyo mpaka kwenye ua wako wakasimama. Kaka yangu aliwarudisha."

Siku hiyo mimi nilikuwa ndani nashona. Sikujua. Sikusikia.

Ulifika hospitali Jumatatu, Jenista. Ulichelewa siku kumi na mbili na uliwahi siku mbili. Nimekuwa nikizitazama hesabu hizo tangu jana na sijui nikuwekee alama gani.

Sasa nisikilize. Watu huku wanakuulizia. Wengine wanasema uje uombe radhi, wengine hawasemi wanataka uje kufanya nini. Yonathani hasemi kabisa. Siwezi kukuahidi kitu. Mimi mwenyewe nikiona watu wawili wamesimama pamoja njiani moyo unaruka. Lakini ukikaa mbali watabaki na jina lako tu, na jina bila uso watalifanya wanavyotaka. Mimi walinifanyia hivyo, na nilikuwa naishi nao.

Usiandike tena. Njoo Jumamosi, siku ya soko, mchana kweupe, ushuke kwenye gari la Ambwene, nimemwomba akufuate siku hiyo, pale juu mbele ya watu wote, na utembee kwa miguu mpaka nyumbani kwa Recho kabla ya kufika kwangu. Nitakuwa nimesimama mlangoni kwake.

Shangazi yako,
Atuganile